Siku niliyozima kompyuta ya Akiru

Jumanne jioni, Lodwar

Leo nimezima kompyuta ya binti yangu Akiru, nikidhani namsaidia jirani.

Hapa kwetu mwenye simu iliyoisha chaji huileta, tunamchajia kwa betri yetu ya sola. Mama Ekai alikuja, nikachomoa waya mmoja, nikachomeka simu yake. Sikujua Akiru yuko katikati ya kuweka Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta, na ile kompyuta kuukuu betri yake ilikufa zamani. Ikazimika. Alipoiwasha, kioo kikawa cheusi, maandishi meupe tu.

Na kesho ndiyo anaanza kufundisha wasichana kompyuta katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kwa kompyuta hiyo hiyo. Nikajua nimemharibia kazi kabla haijaanza.

"Mama, keti. Haijafa," akaniambia. "Inaniambia mahali ilipokatikia."

"Inakuambia?" Mama Ekai akauliza. "Mbona mimi sisikii?" Tukacheka, hata mimi na hofu yangu.

Akasoma polepole, kidole kwenye kioo. Akafuta ile nusu iliyokuwa imeingia, akaanza upya kutoka kwa flashi yenye Linux. Ikamaliza, lakini kila akiiwasha inarudi kwa flashi, inataka kuanza tena. Hakuitukana. Akaingia kwenye mipangilio, akaiamuru iwakie kutoka diski yake ya ndani. Ikawaka.

Mimi niliishia darasa la tatu. Nikiona weusi, naona mwisho. Yeye anaona kitu cha kusoma. Huyu kweli nimemzaa mimi?

Sasa kilichobaki ni barabara ya Kakuma, na hiyo pia naiogopa. Nimemwambia akifika tu anipigie, hata kabla hajanywa maji.