Mafuta ya Arufu ku Mugongo ya Benita

Katuba, 28 octobre 1991

Dada yangu mukubwa, yaya Émerance wa Mokambo,

Nakusalimia na haya. Tuko bazima. Kuku uliniachia ilitotoa bana sita.

Yaya, ile shupa ya mafuta ya arufu, ya kutia mu sabuni, uliniambia: «Ifunge nguvu, iweke mbali na mutoto. Ku ngozi hapana, inachoma.» Nilisikia muzuri. Lakini siku basoda na bunduki zabo balipoiba nyumba kwa nyumba, niliificha mu kitambaa, ku mugongo ya mutoto wangu Benita, juu ya kuwa habatafuti ku mutoto. Alilia sana. Nikamwambia: «Nyamaza, mama, batatusikia.» Kumbe kifuniko ililegea, mafuta inamuchoma.

Ku dispansere nilisema ni chai ya moto ilimuchoma. Masere, mutawa anayetunza bagonjwa, akanusa: «Chai gani inanukia maua?» Nikasema kweli. Alimuosha, ngozi inaanza kurudia. Lakini papa Benita, mupaka leo, anajua ni chai.

Ukikuja, ukae karibu yangu nimwambie. Shupa sasa iko juu ya kabati, imesimama.

Jana ku kanisa ba mama balimubeba: «Mama Benita, mutoto wako ananukia muzuri!» Niliinamisha kichwa.

Mudogo wako,
Dorcelle