Maziko Niliyoyaahirisha

Kisangani, Jumapili baada ya misa

Papa wangu mpendwa,

Nakusalimu wewe na mama kwa heshima yote ya mtoto. Goti lako linaendeleaje na baridi ya Butembo? Na mama, ameacha kujitwisha maji, au bado anajifanya msichana? Mimi mwilini ni mzima. Homa ya mwezi uliopita imekwisha, nakula vizuri, na ninalala ndani ya chandarua kama ulivyoniagiza. Moyo ndio haujatulia, na ndiyo sababu nimechukua kalamu. Kwenye simu ungenikatiza katikati, nami ningelia kabla ya kufika mwisho.

Kazi yangu unaijua nusu tu. Asubuhi niko kituo cha hali ya hewa, napima joto, upepo na mvua. Saa sita mchana niko kwenye redio ndogo ya mtaa, karibu na bandari, nawaambia watu mbingu zinakuja na nini; ndiyo maana wananiita mama meteo, mama wa hali ya hewa. Kisha nasoma matangazo ya vifo, ambayo hapa huitwa komunike. Nikuambie ukweli: mvua yangu hakuna anayeisikiliza. Watu wanakaanga samaki, wanabishana juu ya mpira. Ila muziki wa komunike ukianza, mji mzima unanyamaza. Hata mwendesha toleka, wale wa kubeba abiria kwa baiskeli, anashusha mguu chini asikie nani amekufa.

Alhamisi saa nne asubuhi mwenzangu wa Bafwasende alinipigia simu. Mvua kali za huku hutokea upande huo wa mashariki. Alisema upepo umeng'oa bati za soko na kulaza miti barabarani. Saa tano na nusu akanipigia mwingine wa Bafwaboli, katikati ya njia, nikasikia kishindo nyuma ya sauti yake. Nikapiga hesabu: kabla ya saa tisa itakuwa juu yetu. Papa, wewe hujauona mto huu. Upepo wa namna ile ukiukuta mtumbwi umejaa watu katikati ya maji, anayejua kuogelea na asiyejua ni sawa.

Nikateremka bandarini kumwona Papa Bolaya, mkubwa wa wenye mitumbwi ya mota wanaovusha watu kwenda Lubunga, ng'ambo ya pili.

“Papa, leo saa tisa mutu asivuke,” nikamwambia. “Upepo mubaya iko nakuja.”

“Mama meteo, mwezi ingine ulisema vile vile, hatukuona hata tone. Na leo tuko na maiti ya kuvusha. Mitumbwi tatu, batu karibu mia. Mutu iko na maiti yake, mi nitamukatalia namna gani?”

“Umuambie mvua kubwa iko nakuja.”

Akacheka kidogo, bila ubaya. “Mvua? Alors, ni vizuri. Mvua ya maziko ni baraka.”

Hapo ndipo nilipokwama. Hapa, kama kwetu, mvua ikinyesha siku ya kuzika wanasema mbingu zimempokea marehemu. Kumwambia mfiwa kwamba mvua inakuja ni kumpa moyo, si kumzuia.

Nikarudi redioni. Saa sita nilisoma onyo langu mara mbili, kwa Kiswahili na kwa Lingala, kwa sauti ya kuomba kabisa. Tonton Ramazani, fundi wetu wa mitambo, mzee Mwislamu mwenye maneno machache, alitikisa kichwa nyuma ya kioo. Aliweka muziki wa komunike. Tangazo la tatu lilikuwa la Mzee Lifoli, mvuvi wa zamani. Matanga yalikuwa Kabondo, upande wetu, lakini maziko ni Lubunga, alikolala mkewe wa kwanza. Watu waondoke bandarini saa nane na nusu, azikwe saa tisa. Limeandikwa kwa mkono, kwa herufi za mtu aliyelia.

Papa, wewe umesoma matangazo ya parokia miaka yote tangu nizaliwe. Ulinifundisha kwamba tangazo si mali ya msomaji, hata koma usiiguse. Mimi niliigusa saa. Nilisema hivi, kwa sauti ileile ya huzuni: “Maziko yaliyopangwa leo yameahirishwa hadi kesho, saa nne asubuhi.” Mama husema nilichelewa kuzaliwa na tangu hapo nina haraka. Siku hiyo haraka yangu ilipita mbele ya akili.

Upepo ulifika saa tisa kasorobo. Kwanza giza, kisha mto ukageuka mweupe, kisha hatukuona tena ng'ambo. Mitumbwi miwili iliyofungwa bandarini ilipondwa kwenye mawe ya gati. Bati ziliruka mtaani. Dari la studio lilivuja juu ya mitambo, Tonton Ramazani akavua koti lake kuifunika. Tulipotoka nje, ngazi za bandarini zilikuwa tupu. Wale watu karibu mia walikuwa majumbani mwao wakingoja kesho. Nilipiga magoti palepale kwenye tope, nikamshukuru Mungu, na nikafikiri jambo limekwisha.

Majuto ni mjukuu, papa. Jioni nikasikia mengine. Mtoto mkubwa wa Mzee Lifoli, aliposikia redio, alidhani wajomba zake wameahirisha maziko bila kumuuliza ili wamdharau. Kwa hasira aliita wanaume sita, wakabeba sanduku, wakavuka saa saba, maji yakiwa bado yametulia. Saa nane mzee alikuwa ardhini. Mvua iliwakuta ndani ya kanisa la Lubunga, hakuna aliyeumia.

Lakini binti wa mzee, Mama Bernadette, alikuwa Lubunga tangu siku mbili nyuma akitayarisha kaburi na chakula. Yeye alimuuguza baba yake mpaka mwisho. Aliposikia kwangu, kwenye redio ya betri, kwamba ni kesho, akachukua kikapu, akaenda shambani mbali, kwenye njia ya reli, kuchuma pondu, majani ya muhogo, kwa ajili ya wageni wa kesho yake. Simu yake ilikuwa imezima, umeme haukuwa umefika huko siku tatu. Aliporudi, ameloa mpaka mfupa, alikuta kaburi limeshafukiwa.

Ijumaa, habari ikiwa imeshaenea kwamba saa niliibadilisha mimi, wengine walikuja redioni kunishukuru. Mama mmoja alinibusu mikono. Sikuweza kumtazama. Mkurugenzi alinivua komunike. “Jana uliahirisha maziko juu ya mvua,” alisema. “Kesho nani ataamini kwamba mtu amekufa kweli?” Alikuwa na haki. Nimebaki na mvua yangu isiyosikilizwa, na sasa ni sauti ya mtu aliyesema uongo juu ya maiti.

Jana, Jumamosi, kabla ya saa sita, Mama Bernadette mwenyewe alikuja. Ni mwanamke mrefu, mikono migumu ya shamba. Hakuketi.

“Ni weye ulisema kesho?”

“Ni mimi, mama.”

“Nani alikutuma?”

“Hakuna mutu. Ni mimi mwenyewe.” Nikaanza kumweleza Bafwasende, Bafwaboli, mitumbwi.

Akainua mkono. “Upepo niliuona. Bati yangu iko juu ya nyumba ya jirani. Mi sikuuliza juu ya upepo.” Akashusha mkono. “Miaka mbili niliosha papa yangu, nilimulisha. Kumuweka mu udongo, nilikosa. Karatasi yetu iko wapi?”

Nikamtolea. Nilikuwa nimeiweka kati ya kurasa za misale yangu.

“Usome tena. Sawa vile tuliandika.”

Mkurugenzi alisita. Yule mama akamtazama tu, naye akafungua mlango wa studio. Nikasoma, papa. Nilianza kwa kusema kwamba Alhamisi mimi, Kavira, nilibadilisha maneno ya familia bila ruhusa yao. Kisha nikasoma kila neno, majina ya watoto wote, bandari, na saa tisa ya siku ambayo imeshapita. Yeye alikaa mbele yangu, mikono magotini. Nilipomaliza alichukua karatasi akaifunga kwenye pindo la kitenge. Hakuniambia amenisamehe, nami sikuthubutu kuomba.

Mlangoni akageuka.

“Kesho nataka kuvuka, nipande musalaba ya papa. Mvua iko?”

Nilirudi kwenye daftari la vipimo vyangu, nikapiga simu Bafwasende, nikapiga Bafwaboli, ndipo nikamjibu: “Asubuhi iko kavu. Urudi mbele ya saa nane.”

“Saa nane. Bon.” Akaenda.

Papa, sikuombi unitetee. Niandikie unavyoona, hata kama ni kali. Mimi mwenyewe nikiulizwa kama ningefanya tena, nakubali na nakataa katika pumzi moja.

Nisalimie mama sana. Msalimie dada Masika, aliyeshika kazi zangu za jikoni nilipoondoka, na mumewe. Mpe pole kaka Kambale wa dukani kwa bega lake, na umwambie shangazi anayetuombea kila alfajiri asiache, kwa maana sasa ana kazi.

Barua hii naimalizia bandarini, kwenye ngazi. Papa Bolaya anasema mtumbwi wake ulimvusha Mama Bernadette saa tatu, na kwamba mama huyo alimkataza mwendesha mtumbwi kuondoka ng'ambo bila yeye. “Alisema lazima arudi mbele ya saa nane, sababu ni mama meteo alisema.” Sasa ni saa saba na robo. Upande wa mashariki kuna wingu moja, dogo, nalitazama tangu nianze ukurasa huu. Mtumbwi umeondoka Lubunga. Namwona, amesimama katikati na kitenge chake. Sitafunga bahasha mpaka ashuke.

Ameshuka, papa. Ni mkavu.

Binti yako anayekupenda,
Kavira