Niliapa Kuwa Tatu Imo

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla Jumapili haijanifikia, maana nimeapa kwa jina la Mungu juu ya swali la hesabu na sasa sijui uso wangu nitauweka wapi.

Mimi ni fundi cherehani, mama wa watoto wanne, elimu yangu ni ya kuungaunga, nilirudi shule nikiwa na miaka arobaini na mitano kwa sababu wifi yangu, dada wa mume wangu, alinishika mkono akasema twende wote, na kweli tunakwenda wote, dawati moja, kitabu kimoja, hata kwaya ni moja, isipokuwa mimi ndiye ninayeimba mbele peke yangu na yeye yuko safu ya nyuma kwa sababu ambazo waumini wote wanazijua, Mungu anisamehe.

Sasa juzijuzi mwalimu akatuandikia mfululizo ubaoni, kijisehemu cha kwanza juu x chini tatu, cha pili juu x kipeo cha pili chini mbili mara tisa, cha tatu juu x kipeo cha tatu chini tatu mara ishirini na saba, hivyo hivyo bila mwisho, akauliza ni x zipi zitakazofanya jumla yote itulie kwenye namba fulani badala ya kukimbia. Mshauri, nilifurahi, maana kipimo cha uwiano nakipenda: unachukua kijisehemu kinachofuata, unakigawa kwa kilichotangulia, mengi yanakatana, unaangalia kinachobaki ukienda mbali kabisa, nikapata x gawanya kwa tatu, bila kujali hasi wala chanya, na hiyo ikiwa chini ya moja jumla inatulia, kwa hiyo nikasema kwa sauti, "Kuanzia hasi tatu hadi tatu, mwalimu!"

Mwalimu akauliza, "Na ncha zenyewe?"

Nikajibu zote zimo. Wifi akasema polepole, "Hasi tatu imo. Tatu haimo."

Nikamwambia, "Wifi, ukiweka tatu unabaki na moja, nusu, theluthi, robo, vinapungua mpaka vinakaribia kuisha, sasa vitashindwaje kutulia?"

Akacheka. "Hiyo tatu umeipenda wewe, yenyewe haina habari na wewe."

Darasa zima likaangua kicheko, hasira zikanipanda, nikasimama nikasema, "Namwapia Mungu aliye hai tatu imo, na kama haimo, Jumapili hii wimbo wangu utauimba wewe!"

Mwalimu akasema tukahakikishe wenyewe, majibu atatoa Jumatatu. Nyumbani nikakaa na kikokotoo najumlisha, mume wangu ananiuliza, "Suruali ya mteja umeishona au bado unaomboleza na namba?" Nilipofika kijisehemu cha hamsini jumla ilikuwa nne na nusu, cha mia ikapita tano, cha mia mbili inakaribia sita, inapanda kwa kunyata lakini haisimami. Sijamwambia mtu. Wifi amehamia dawati la dirishani, siku ya nne hii hatusalimiani, na mtihani ni wiki ijayo. Je, kiapo cha hesabu nacho ni kiapo? Nikiimba Jumapili na ukweli ukatoka Jumatatu, nitakuwa nimekosa? Nauliza pia kwa ajili ya kanisa, maana wifi akipandisha sauti watoto wachanga wote huamka kwa mpigo.

Ni mimi, Niliyeapa.

*

Dada yangu fundi,

Pole, na sasa kaa vizuri nikuseme. Kabla sijaanza kusuluhisha ndoa za watu nilifundisha hesabu miaka kumi na miwili, kwa hiyo kama ulitafuta pa kujificha, umekosea mlango.

Kipimo chako ulikitumia sawasawa, hongera. Lakini kwenye ncha kinatoa moja kamili, na kikitoa moja kimenyamaza. Hakikusema imo, hakikusema haimo. Wewe ndiye uliyesema kwa niaba yake, tena kwa kiapo! Pale unaacha kipimo, unaweka kila ncha kwa mkono na kuichunguza yenyewe.

Ukiweka hasi tatu, unatoa moja, unarudisha nusu, unatoa theluthi, unarudisha robo. Jumla inayumba huku na huku, kila mara kwa hatua fupi zaidi, mpaka inatulia. Ukiweka tatu hakuna anayetoa. Chukua utepe wako dukani ujionee. Kata mita moja, nusu mita, theluthi, robo, uunganishe. Theluthi na robo pamoja zimezidi nusu mita. Vipande vinne vinavyofuata, pamoja vimezidi nusu mita tena. Nane baada ya hapo, vivyo hivyo. Kila ukivumilia kidogo unaongezewa nusu mita nyingine, na hazitaisha. Vipande vinapungua, ndiyo, ila si haraka ya kutosha.

Kuhusu kiapo: ulimwita Mungu awe shahidi wa kitu ambacho hukuwa umekikokotoa. Tubu. Na habari ya Jumatatu usinichekeshe. Kikokotoo kimeshakuambia ukweli, wewe unataka kwenda kuimba sifa ukiwa umeukalia?

Kinachoniudhi zaidi ni hiki: umeandika barua ndefu, umeicheka sauti ya wifi yako, na hujaniambia hata mara moja kama yeye anautaka huo wimbo. Mtu aliyekushika mkono ukarudi shule amehama dawati. Unadhani amehama kwa sababu ya hiyo namba tatu? Amehama kwa sababu ulimsimamia mbele ya darasa zima na kuigeuza sauti yake kuwa adhabu.

Nenda leo, kabla ya kula. Mwambie, "Tatu haimo. Ulisema kweli, nami nilikudhalilisha." Ukimaliza hapo, funga mdomo, usiongeze "lakini". Kisha muulize kuhusu wimbo, umsikilize. Akiukataa, imba wewe, baada ya kuiambia kwaya nzima nani alipata jibu. Akiutaka, mfundishe kila jioni mpaka Jumamosi, umwanzishie sauti ya chini kidogo, na Jumapili simama wewe safu ya nyuma, umwitikie kwa nguvu kuliko wote, hata watoto wakiamka.