Isale la Ngarenanyuki

Baba,

Shikamoo. Nimeandika hivyo nikainua kalamu, kama ninayesubiri uitikie, "Marahaba mwanangu, umeamkaje na Bwana?" Haya, nitaendelea tu. Wewe mwenyewe uliongea kila alfajiri na usiyemwona, na sikuwahi kukusikia ukilalamika kwamba hakujibu.

Nimekaa barazani, kwenye kiti chako. Mama yuko nyuma anawafokea mafundi wanaomalizia kaburi lako. Kesho ni ibada ya shukrani, mwaka umetimia tangu utuache. Vigae ni vyeupe, na pembeni kuna mstari wa bluu unaozunguka. Rangi hizo kachagua Mama. Ndiyo, Mama yule yule aliyekuwa anakutania kuhusu bendera yako ya Israeli! Fundi alipomwambia bluu haipo dukani, alimwambia aende akaitafute mjini na asirudi bila hiyo bluu.

Bendera bado ipo sebuleni, pale juu ya televisheni. Imefifia lakini hakuna anayethubutu kuigusa. Mvua ilichelewa, tukaogopa, ikaja. Miparachichi uliyobebesha kwa mikono yako, kikonyo cha mti huu kwenye shina la mti ule, imeanza kuzaa mpaka matawi tumeyawekea nguzo. Rebeka kazaa ndama jike na hadi leo hana jina, maana majina ya ng'ombe humu ndani ulikuwa unayatoa wewe kwenye Maandiko. Na choo kipya tumejenga. Usikasirike! Miaka yote ulikataa. "Wana wa Israeli wamesharudi kwao, Bwana yuko mlangoni, halafu wewe unaniletea habari za choo?" Na Mama anakujibu, "Sasa akija, Baba Sayuni, tumwonyeshe hiki?" Nacheka peke yangu hapa, fundi anayepita na ndoo ananitazama.

Baba, nimekumisi. Basi, nimelisema.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Juzi walikuja wanamaombi wenzako wa kanisa la Sokon One. Walikunywa chai, wakaimba, wakalia. Kisha wakaniambia kesho alfajiri, kabla ya ibada, watapanda wote hadi pembe ya juu ya kihamba chetu cha migomba, pale kwenye isale, mmea wetu wa mipaka, nami nisimame mahali pako niombe ombi lako la Israeli. Wanasema ndivyo ulivyoagiza. Ni kweli. Ulinishika mkono pale hospitali ukasema, "Sayuni, pale pangu pasibaki wazi." Nikasema ndiyo, Baba.

Tangu tukuzike, sijasimama pale hata siku moja.

Usidhani nimesahau. Nitasahauje? Nimelelewa na ile sauti. Kabla hujakamua, umevaa buti zako za mvua na koti la sufu, umeugeukia mlima, unaliombea taifa la watu usiowahi kuwaona. Majirani walijua kumekucha kwa kukusikia wewe, jogoo wakafuata. Nilikuuliza, nikiwa mdogo, kwa nini unautazama mlima. Ukasema, "Yerusalemu iko nyuma yake."

Mimi nikaamini! Hukusema ni mbali. Kwa hiyo siku uliponichukua tuzunguke mlima kwenda Ngarenanyuki kuleta nyanya, nilivaa gauni nililoshonewa siku ya kipaimara cha dada, lile jeupe, na viatu vya kanisani. Mama aliuliza mtoto huyu anakwenda kwenye harusi ya nani. Nikakimbilia kupanda pikapu, nikaogopa atanizuia. Tukafika. Nikaona vumbi, punda, na matenga ya nyanya yamepangwa barabarani. Nikakuvuta koti: "Baba, Yerusalemu ni ipi hapa?"

Ulicheka mpaka ukashikilia ubavu wa ile pikapu. Halafu kicheko kikakatika. Ukanipeleka kando, ukanionyesha uwanda usio na kitu, ukaniambia, "Yangu mimi ilikuwa pale."

Ndipo nilipoisikia habari yako kwa mara ya kwanza. Kwamba ulikuwa mtoto kama mimi siku ile, Wazungu walipoitaka ardhi hiyo iwe ya ng'ombe wao. Watu walitolewa, nyumba zikachomwa, mkafukuzwa kuja upande huu. Bibi aling'oa isale kwenye mpaka wenu, akalifunga kwenye nguo aliyojitanda, akasema mwenye isale bado ana kwao. Wewe ulibeba kuku. Ulimkumbatia njia nzima, mkafika kwenye mteremko akachoropoka, akakimbia kurudi tulikotoka, ulisema hivyo, "tulikotoka," na hukuruhusiwa kumfuata. "Nilimlilia kuku," uliniambia, "sikulilia nyumba. Nyumba sikujua kama inaweza kuisha." Wazee wakaenda kushitaki hadi ng'ambo, kwa wakubwa wa dunia, wakarudi mikono mitupu. Lakini uhuru ulipokuja watu wakarudi, ingawa ninyi mlibaki huku. Wewe uliliona kwa macho yako. Na lile isale la Bibi, lililopandwa hapa pembeni ya kihamba, likashika, likawa kichaka, na pembeni yake ndipo ulipochagua kusimama na Mungu wako.

Siku ile nilikuelewa, Baba, kuliko mahubiri yote niliyosikia baadaye. Mchungaji wako alipenda lile la baraka, kwamba anayewabariki watoto wa Ibrahimu naye atabarikiwa, na watu waliitikia amina kwa nguvu, wengine nadhani walikuwa wanaona viwanja na magari. Wewe hukulikana, lakini halikukutosha. Ulisema Mwokozi wetu alizaliwa na mama wa Kiyahudi, na sisi tulibebeshwa tu. Ulinionyesha kwenye mche wa parachichi, kisu mkononi: "Sisi ni hiki kikonyo. Shina ni lao. Kikonyo kikilidharau shina, kinakauka chenyewe." Ulisema manabii waliona mifupa mikavu ikiinuka na kurudi nyumbani, na kwamba ikisharudi yote, atakayefuata ni Bwana mwenyewe. Uliamini yote hayo bila kutikisika. Lakini ukishayasema yote, ulirudi kwenye isale. "Mungu ni baba. Baba akimwonyesha mwanawe mpaka, akapanda isale, nani wa kuling'oa? Hata mwana apotee miaka elfu, isale linamngoja."

Na Mama, aliyebaki Mlutheri wake ulipookoka ukahama, ambaye mchungaji wao aliwafundisha kwamba ahadi ile sasa ni ya mataifa yote ndani ya Kristo, alikuwa anajibu kutoka jikoni: "Na yule atakayemkuta analima hapo, Baba Sayuni? Yeye hana baba?"

Ulikuwa unasema, "Mama Sayuni, chai."

Kila mara. Chai! Nilikuwa nasubiri siku utakayomjibu.

Kisha ile asubuhi ya vita kule Israeli. Tuliisikia pamoja, watu wameuawa majumbani mwao, wengine wamechukuliwa mateka na watoto wao. Ulilia kama umefiwa na ndugu. Ulifunga, ukaenda pale juu na sauti yako ikasikika hadi kwa jirani wa chini. Nililia nawe, na machozi yale siyajutii hata leo.

Wiki zikapita. Jioni moja tunaangalia taarifa ya habari, wakaonyesha upande wa pili wa mpaka. Watu wanatembea barabarani, magodoro kichwani, nyuma yao moshi. Katikati yao mtoto wa kiume, miguu mitupu, kakumbatia kuku. Nikanyoosha mkono nibadilishe stesheni, maana nilikuona uso. Ukasema, "Acha." Ukamtazama mpaka akatoka kwenye kioo. Chai yako iliganda utando.

Kesho yake alfajiri ulikwenda kwenye isale kama kawaida. Nilikuona mgongo. Ila sauti haikutoka. Jirani alikuja kuuliza kama unaumwa.

Hukulizungumza kamwe. Mimi nikangoja, Mama akangoja, na ajabu, hata yeye hakukutania tena. Ukaugua. Na siku ile ya mwisho uliyoongea vizuri, baada ya kuniagiza habari ya pale pako, ulifumba macho, tukadhani umelala. Ukasema, "Yule mtoto mwenye kuku, alifika?"

Nesi alisema ni homa. Mimi nilidhani unajisema mwenyewe, umerudi kwenye ule mteremko. Mama akasema hapana, anamuuliza yule wa kwenye televisheni. Tumebishana mwaka mzima, Baba, tunawakatia ng'ombe majani tunabishana. Mimi nilikuinamia nikasema, "Alifika, Baba." Ulishusha pumzi. Lakini ni nani niliyesema alifika, na kama ni kweli alifika, mimi sijui mpaka leo.

Ndiyo maana sijaweza kusimama pale. Ombi lako nalijua neno kwa neno, lakini nikianza tu, namwona yule kuku. Wanamaombi wenzako wananiambia nisichanganye, Israeli ni mboni ya jicho la Mungu, na nikiongeza jambo nitakuwa nimejiingiza kwenye laana. Ofisini Sekei wenzangu wananiambia nikaishushe ile bendera, ni aibu. Wote wananivuta mkono, huku na huku. Na mimi nataka kitu kimoja tu: nikisimama pale kesho, niwe bado mwanao. Nisiombe uongo mbele ya Mungu, na nisikuaibishe wewe mbele ya watu wako. Naogopa, Baba. Naogopa kukupoteza mara ya pili.

Leo asubuhi, Mama alinikuta nikiwa nimekaa hivi hivi na karatasi tupu. Alipanda juu, akarudi na chipukizi la isale, limefungwa fundo kama wazee wanavyolifunga mtu akienda kuomba radhi. Akaniwekea mapajani. "Mpelekee," akasema. "Baba yako Mmeru yule, hata angeokoka mara saba. Akiletewa isale hawezi kukataa."

Basi nimekuletea, Baba. Mafundi wakiondoka nitalipanda kwenye kichwa cha kaburi, na barua hii nitaifukia chini yake. Ukishaletewa isale hukatai, mila unaijua kuliko mimi.

Ninachoomba ni hiki. Kesho nitavaa buti zako. Zinanipwaya, nitavaa soksi mbili. Nitasimama pale, niugeukie mlima, na nitaomba kila ulichoomba, sitapunguza hata neno: Yerusalemu ipate amani, waliotekwa warudi kwao, wana wa Ibrahimu wakae salama ndani ya mpaka wao, Bwana arudi upesi. Wanamaombi wataitikia, nawe utajua ni mimi. Halafu, kabla ya amina, kwa sauti ile ile, wasikie wote hadi jirani wa chini, nitamuuliza Mungu swali lako, lile la mtoto mwenye kuku. Sitaliongeza wala kulieleza. Nitaliuliza kama ulivyoniuliza mimi, kwa sababu mimi sikuwa na jibu na Yeye analo.

Na asiponijibu kesho, nitarudi kesho kutwa. Nakuahidi pale pako hapatabaki wazi.

Lala salama, Baba yangu. Ndama sasa hivi nimemwita Amani, usikasirike kwamba sijatafuta kwenye Maandiko, nadhani limo. Mama anaita, anasema chai iko tayari.

Mwanao,
Sayuni