Mkono Kwanza, Mashine Baadaye

Nkatha, dada yangu,

Wameturudisha ofisini. Jumatatu iliyopita, wote, saa mbili kamili, hakuna tena habari ya kufanya kazi kwa mtandao. Unakumbuka korona ilitupeleka nyumbani tukaambiwa ni wiki mbili tu. Wakubwa wakaona kazi ya maji inaenda hata bila ofisi, wakatuacha huko miaka, mpaka tukasahau njia. Wewe presha ilikuchukua kabla mwaka wa kwanza haujaisha. Wanasema barua ni nusu ya kuonana, na mimi nimebaki na hiyo nusu tu.

Sikai nikakalika. Tangu nianze kuandika nimesimama mara tatu, mara niangalie mbuzi, mara niangalie kama lango nimefunga. Mke wangu ameniuliza kama nimekanyaga siafu.

Ofisi ilikuwa vumbi tupu. Kiti chako tulikikuta vile ulikiacha, kimeshushwa chini kabisa kwa sababu ya ile miguu yako mifupi ambayo hukutaka itajwe. Nilikikalia bila kufikiri, magoti yakagonga meza, nikatoka hapo mbio. Chini ya meza kulikuwa na gambuti zako, tope la mfereji wa Rapsu limekauka kwenye soli. Thamosi yako nyekundu ilikuwa juu ya kabati.

Watu wamerudi, lakini sijui kama wamefika. Kila mtu anaingia na vitu vyake masikioni, anainamia kompyuta, basi. Wario, ambaye zamani alikuwa akianza salaam aleikum langoni na kuimaliza jikoni, alinitumia ujumbe kwa simu kuniuliza kama nina kalamu. Mimi na Wario tumetenganishwa na meza moja. Kwenye mkutano bosi alisema tuanze, kila mtu akangoja aitwe jina. Hakuna aliyempa mwenzake mkono.

Kwako sheria ilikuwa moja: mkono kwanza, mashine baadaye. Ulikuwa ukiteleka chai, kisha unazunguka meza kwa meza na huo mkono wako wenye mafuta ya mandazi, na mtu akiwasha kompyuta kabla hujamfikia, unaizima. Tulikulalamikia sana. Siku hizi ningelipa nauli kuja kulalamika.

Halafu Jumanne bosi akatuambia kwamba mama yako anakuja Alhamisi kuchukua vitu vyako.

Wacha nikuambie kitu ambacho nilikuwa sijawahi kukizungumza na mtu. Siku ya mazishi yako watu walioruhusiwa kufika kwenu, kule upande wa Maua, walikuwa wachache. Sisi wa ofisi tukaambiwa tufuate kwa mtandao, na mimi nikachaguliwa niseme kwa niaba ya wenzangu. Nilivaa shati jeupe na koti, chini kaptura. Mbuzi nikawafungia mbali wasije wakanilia katikati ya maneno. Jina langu lilipoitwa nikasema yote, Nkatha. Nilisema mpaka machozi yakaja, nikafunga macho, nikaendelea hivyo hivyo. Nilipoyafungua nikaona ile alama nyekundu. Sauti ilikuwa imezimwa tangu mwanzo. Pembeni wenzangu walikuwa wameandika, Ekai hatukusikii, Ekai fungua sauti, mpaka wakachoka. Nikafunga laptopu. Sikuomba nirudie, kwa sababu aibu ilinishinda.

Unawajua watu wetu. Hapa Isiolo mtu atakutania hata ukiwa kitanda cha hospitali. Hii yangu hakuna aliyewahi kunitania nayo, hata Wario, na hapo ndipo nilijua ni kitu kibaya. Nikajiambia nitampigia mama yako simu nimwambie nilichosema. Nitampigia kesho. Nitampigia Jumapili tukitoka kanisani. Hizo kesho zikawa miaka, na kila mwaka ulikuwa mgumu kuliko uliopita, maana sasa ningelazimika kueleza pia kwa nini nimechelewa.

Kwa hivyo nikatafuta safari. Nilimwambia bosi kwamba pampu ya maji kule Gotu lazima iangaliwe, na lazima iwe Alhamisi. Wario ndiye anayepanga magari. Aliniangalia, akasema, "Gari iko, Ekai. Lakini Gotu haihami." Kisha akaandika jina langu.

Alhamisi saa tatu asubuhi nilikuwa ndani ya gari, mkanda nimefunga, soja anafungua lango. Lango likafunguka na mama yako alikuwa amesimama hapo nje na kiondo chake. Alitupisha. Akatupungia mkono bila kujua ni nani yuko ndani. Halafu akageuka akampa soja mkono, pole pole, kama mtu ambaye hana haraka na dunia. Dereva akaweka gia.

Na mimi nikakumbuka Gotu ile ya kwanza. Nilikuwa nimetoka chuo, wiki yangu ya kwanza kazini. Nilishuka garini na fomu mkononi, nikawauliza akina mama waliokaa kivulini wana mbuzi wangapi, hata habari sijawaambia. Wakanijibu ovyo ovyo, mwingine akasema hana hata mmoja na mbuzi wake wanamlamba mgongo. Hukunikemea mbele yao. Ulinishika kiwiko, ukanirudisha mpaka kwenye gari, ukanipandisha, ukafunga mlango. Halafu ukasema, "Sasa shuka tena." Nikashuka. Nikasalimia mmoja mmoja mpaka jua likafika utosini, na majibu yote yakabadilika. Hiyo ndiyo hadithi niliyoisimulia siku ya mazishi yako.

Nikamwambia dereva asimame. Nikafungua mkanda, nikashuka.

Nilipoingia, mama yako alikuwa ameshaanza. Hakuuliza vitu viko wapi. Meza ya kwanza, "Muga," ile salamu yenu ya Kimeru, mkono. Meza ya pili, "Muga," mkono. Watu wakaanza kutoa vitu masikioni na kusukuma viti. Wario aliinuka kwa haraka mpaka chake kikaanguka. Mimi nilisimama mwisho, karibu na kabati. Alipofika kwangu aliushika mkono wangu na hakuuachilia.

"Wewe ndiye ulikuwa unaongea na hatusikii."

Nikasema, ndiyo, Mama.

"Tulikuona. Mchungaji alitaka kukukata aendelee na programu. Nikamwambia, mwache, huyo analilia mtoto wangu. Tukanyamaza mpaka ukamaliza." Alivuta kiti chako akakaa, kikamtosha kabisa. "Sasa niambie ulisema nini."

Nkatha, walinyamaza. Miaka yote hii nilidhani niliwapita kama mtandao mbovu, kumbe hema zima la mazishi lilikuwa limeningoja. Nikamsimulia ya Gotu, nimesimama, ofisi nzima ikisikia. Alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya leso. Akasema hiyo uliitoa kwake, kwamba ulipokuwa mdogo ukiingia jikoni bila kusalimia wageni alikuwa akikurudisha mpaka kwa lango uingie upya. Kisha kicheko kikageuka, akalia, na mimi nikalia. Wario alienda dirishani kuangalia kitu ambacho hakikuwepo.

Alichukua sweta yako iliyokuwa imetundikwa nyuma ya mlango, na gambuti akasema atazivaa shambani. Thamosi aliitikisa, akauliza kama siku hizi hatunywi chai. Akaiacha pale mezani, nami nikaibeba nyumbani. Gotu nilienda Ijumaa, na kweli haikuwa imehama.

Nilifikiri baada ya hayo nitatulia. Sijatulia. Leo ni Jumapili na nimeosha hiyo thamosi mara mbili, nimepiga shati pasi, nimezunguka boma hapa Burat mpaka mbwa amechoka kunifuata. Nakukosa, dada. Nakukosa zaidi sasa kwa sababu nimeiona nafasi yako, na hakuna anayeizunguka hiyo ofisi asubuhi.

Basi pumzika. Mama yako nimemwahidi nitafika kwake kabla ya Krismasi, mwenyewe, kwa miguu yangu. Na wewe nakuahidi hivi: kesho nitaingia wa kwanza, chai ikiwa tayari, na nitaenda meza kwa meza. Wakibaki wameinama na vitu vyao masikioni, nitarudi mpaka langoni, niingie tena, na tena, mpaka wasimame.

Ni mimi, yule wako wa Burat,
Ekai