Kumbukumbu za Kikao cha Familia Kuhusu Mguu wa Mbele wa Doa

Kikao kilifanyika Jumamosi, tarehe 14 mwezi wa sita, sebuleni kwa Mama, kuanzia saa nne na robo asubuhi.

WALIOHUDHURIA
Mama – Mwenyekiti
Kaka Mkubwa, fundi wa kuchomelea vyuma – Mjumbe
Mjomba, mtunza ghala mstaafu – Mjumbe
Binti wa pili, karani wa masjala – Katibu

MWALIKWA
Daktari wa mifugo (aliondoka saa tano na nusu)

ASIYEKUWEPO KWA UDHURU
Kitindamimba, yuko ng'ambo kikazi, miaka mitatu sasa.

Kaka Mkubwa alihoji matumizi ya neno "udhuru". Mwenyekiti aliagiza libaki kama lilivyo. Doa, ambaye ni mbwa na ndiye mhusika, alikuwa chini ya meza muda mwingi wa kikao.

KUMB. NA. 1/KF: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti aliwashukuru wajumbe kwa kufika, akamshukuru Mjomba kwa kufika mapema kuliko alivyoitwa. Alieleza kwamba kikao kimeitishwa kutokana na ujumbe wa sauti wa Kitindamimba ulioingia kwenye simu yake Jumapili iliyopita. Ujumbe ulichezwa mbele ya wajumbe, nao ulisema:

"Mama, kwenye ile video nimemwona Doa anachechemea mguu wa kulia. Huo ndio mguu wake wa mbele pekee. Kama mmeshindwa kumtunza niambieni, msinizungushe. Yupo rafiki yangu wa shule ana uwanja mkubwa, atamchukua. Ila mtakachoamua mkiandike. Nyumba hiyo maneno ya mdomo yanageuka."

Mwenyekiti aliomba ujumbe uchezwe tena. Mjomba aliuliza kama kuna ambaye hakusikia. Mwenyekiti alijibu kwamba wote wamesikia, ila yeye anataka kuusikia tena. Ulichezwa.

Kwa sababu hiyo Katibu aliagizwa kuandika kila kitu, na nakala ipelekwe kwa Kitindamimba bila kupunguzwa neno.

KUMB. NA. 2/KF: JAMBO LILIKOTOKA

Ilikumbushwa kwamba Doa aligongwa na gari la mizigo miaka mitatu na nusu iliyopita, nje ya geti. Siku hiyo Kaka Mkubwa alitoa maoni kwamba mbwa achomwe sindano apumzike. Kitindamimba alimpakia Doa kwenye toroli la mchanga, akamsukuma mwenyewe hadi kliniki, na huko mguu wa mbele wa kushoto ulikatwa ili kumwokoa. Miezi mitano baadaye alipata kazi ya kuhudumia wazee ng'ambo, akaondoka. Huzungumza na Mwenyekiti kila Jumapili. Hajazungumza na Kaka Mkubwa tangu siku ya toroli.

Kaka Mkubwa alieleza kwamba wazo la sindano lilikuwa la daktari wa zamani, yeye alilirudia tu.

Mjomba alisema, "Ulilirudia kwa sauti kubwa."

Mwenyekiti aliwataka wajumbe wabaki kwenye ajenda.

KUMB. NA. 3/KF: TAARIFA YA DAKTARI

Daktari alimpima Doa juu ya zulia, mbele ya wajumbe. Alieleza kwamba mbwa hubeba sehemu kubwa ya uzito wake kwa miguu ya mbele. Aliyebaki na mmoja anaubebesha huo mmoja kazi ya miwili, kila hatua. Kiwiko na kifundo cha mguu wa kulia vimeanza kuvimba. Bado si ugonjwa wa kutisha, lakini hakuna mguu wa akiba. "Huu ukigoma," alisema, "nitarudi hapa na ile sindano mliyoikataa."

Doa alipimwa uzito: kilo ishirini na saba. Anatakiwa awe na ishirini na moja au mbili. Daktari aliuliza nani anamlisha zaidi ya chakula chake. Wajumbe wote walikana. Mjomba alisema labda mbwa ameumbwa hivyo, mifupa mizito. Wakati huo Doa alitoka chini ya meza, akaenda moja kwa moja hadi kwenye mfuko wa koti la Mjomba na kuweka pua. Ndani yake zilikutwa ngozi za kuku kwenye karatasi. Mwenyekiti alicheka sana, kisha akakiri kwamba yeye humpa mkate uliochovywa kwenye chai, asubuhi na jioni, kwa sababu hapendi kula peke yake.

Ilikubaliwa kwamba Doa atapimiwa chakula kwa kikombe kimoja, na kikombe hicho kitakaa kwa Katibu.

Mjomba, kwa nia ya kusaidia, alitaja kwamba wiki iliyopita alimpa Doa nusu ya kidonge chake cha magoti. Daktari alisimama. Alieleza kwa ukali kwamba dawa za maumivu za binadamu zinaweza kumtoboa mbwa tumbo na kuua figo zake, na kwamba Doa ana bahati. Mjomba aliomba radhi kwa kikao. Daktari alimwambia amwombe radhi mbwa. Mjomba aliinama, akamwomba.

Daktari aliendelea kushauri kwamba vigae vya sebuleni na vya koridoni vitandikwe mpira usioteleza, maana Doa akiteleza mguu hufunguka pembeni na kiungo huumia. Kucha zikatwe kila baada ya wiki tatu. Matembezi yawe mafupi mara tatu kwa siku, si marefu mara moja. Avalishwe mkanda wa kifuani wenye mpini wa kushikia, asaidiwe anapopanda na kushuka. Asiruke. Alale pakavu, palaini. Asubuhi za baridi akandwe kwa kitambaa cha moto.

Daktari alipokuwa akimgusa bega la kulia alisema msuli wa hapo ni mzuri kuliko alivyotegemea. "Huyu kuna mtu anamkanda. Ni nani?" Hakuna aliyejibu. Daktari aliaga.

KUMB. NA. 4/KF: NGAZI NA CHUMBA CHA JUU

Katibu aliwasilisha kwamba tatizo kubwa halijatajwa. Kila siku, saa kumi alasiri, saa ambayo Kitindamimba alikuwa akitoka kazini, Doa hupanda ngazi kumi na nne hadi chumba cha juu na kulala kando ya kitanda. Ikifika saa moja bila mtu kuja, hushuka. Kushuka ndiko kunakommaliza, kwa sababu uzito wote huangukia ule mguu mmoja.

Kaka Mkubwa alipendekeza atengeneze kigeti cha chuma chini ya ngazi.

Mwenyekiti alisema, "Utafunga njia ya kwenda chumbani kwa mwenyewe?"

Haikueleweka kama alimaanisha njia ya Doa au ya Kitindamimba.

Mjomba alipendekeza kitanda kishushwe chini, mbwa akifuate. Mwenyekiti alikataa. Alieleza kwamba chumba kile kiko kama kilivyoachwa, hufagiliwa kila Ijumaa na kufungwa dirisha mvua ikinyesha, na kwamba mtu hawezi kusafiri siku mbili njiani akafika akakuta hana pa kulala. Mjomba alisema kitanda kikiwa chini si bado kiko ndani ya nyumba? Mwenyekiti alimwambia yeye amezoea maghala, anadhani kila kitu ni mzigo wa kuhamisha.

Kabla mjadala haujaisha, sauti ya kucha ilisikika kwenye ngazi. Saa kumi haikuwa imefika. Huenda ni kwa sababu jina la mwenye chumba lilikuwa limetajwa mara nyingi. Doa alipanda ngazi ya tano, ya sita, akasimama. Mguu wa kulia ulikuwa unatetemeka. Hakuweza kuendelea wala kurudi.

Kaka Mkubwa alitoka kwenye kiti bila kuomba ruhusa ya Mwenyekiti. Alimkumbatia Doa, mkono mmoja chini ya kifua na mwingine chini ya mapaja, akashuka naye. Hakumweka chini. Aliketi naye kwenye ngazi ya kwanza, Doa akaegemeza kichwa kwenye shingo yake. Ilionekana kwamba wamezoeana hivyo.

Mwenyekiti aliwatazama kwa muda. Kisha alisema kitanda kitabaki juu, lakini godoro na blanketi vishuke. Alisema atavitoa mwenyewe, asisaidiwe.

Kikao kilisimama kwa dakika ishirini na tano. Katibu alisikia dirisha likifunguliwa, kisha kabati. Kisha hakusikia kitu.

Mwenyekiti alirudi na blanketi la bluu mikononi. Godoro aliliacha, akasema Kaka Mkubwa atalifuata baadaye. Aliketi kwenye nafasi yake na blanketi mapajani.

"Halina tena harufu yake," alisema. "Nimelinusa lote. Ni harufu ya mbwa tu."

Kikao kilipokea taarifa hiyo.

KUMB. NA. 5/KF: KAMA DOA AONDOKE

Mjomba aliomba lisemwe linalokwepwa. Alieleza kwamba hana ubaya na Doa, lakini nyumba ina ngazi na vigae, Mwenyekiti ana miaka sabini na mbili, na wengine wako makazini. Huyo rafiki ana uwanja wa nyasi, tambarare. Kwa ajili ya kile kiungo, alisema, mbwa aende.

Katibu aliona hoja hiyo ina mantiki na akasema hivyo. Kwa kuwa ameagizwa kuandika kila kitu, anaandika pia kwamba yeye ndiye anayekata kucha, anayefua matandiko na anayejibu wanaouliza kwa nini mbwa huyu ana miguu mitatu, na kwamba hakuna video inayoombwa ya kumwangalia yeye anavyotembea. Mwenyekiti alimshika mkono. Katibu aliendelea kuandika kwa mkono mwingine, ndiyo maana mwandiko wa hapa umeharibika kwenye rasimu.

Mwenyekiti alitoa maoni yake. Alisema kila Jumapili simu ikiingia, salamu ya kwanza ni yake na swali la pili ni la Doa. Anakula? Amelala wapi? Mwonyeshe. Alisema yeye hushika simu chini karibu na mbwa ili aone uso wa mwanawe ukicheka, maana akiishika juu kwake, mtoto huyo huuliza habari za shinikizo la damu. "Doa akiondoka," alisema, "atampigia huyo rafiki mwenye uwanja. Na siku akipata likizo atakwenda huko huko."

Mjomba aliondoa hoja yake.

Kaka Mkubwa alikuwa bado kwenye ngazi. Alisema, "Na huko uwanjani nani atamkanda?"

Alipoulizwa ana maana gani, alieleza, huku akimtazama mbwa, kwamba kwa mwaka mmoja na nusu amekuwa akipita hapa alfajiri kabla ya kwenda karakana. Anao ufunguo wa mlango wa nyuma. Humkanda Doa bega na kiwiko kwa dakika kumi, kisha huondoka. Mwenyekiti alisema alikuwa akisikia mlango na kudhani ni Katibu. Katibu alikuwa akisikia na kudhani ni Mwenyekiti.

Mjomba aliuliza kwa nini hakusema. Kaka Mkubwa alijibu, "Ningemwambia nani? Mimi ndiye niliyesema auawe."

Iliamuliwa kwa kauli moja kwamba Doa abaki. Kaka Mkubwa atatengeneza njia ya mteremko kwenye kizingiti cha mbele, yenye mpira juu, na kigeti cha ngazi. Mwenyekiti alikubali kigeti kwa sharti kwamba kisiwe na kufuli.

KUMB. NA. 6/KF: MENGINEYO

Kaka Mkubwa aliomba kutumia simu ya Mwenyekiti kumtumia mjumbe asiyekuwepo ujumbe wa sauti. Mwenyekiti aliruhusu. Alirekodi na kufuta mara tatu. Ujumbe uliotumwa ni huu:

"Ni mimi. Doa haendi popote. Natengeneza mteremko pale mlangoni, na ngazi ataacha kupanda. Nimekuwa namkanda asubuhi. Anasimama, mimi napiga magoti, namkanda bega. Sijui kama nakosea. Basi, ni hayo."

Mjomba alishauri kikao kifungwe, kwa kuwa huko ni saa za kazi na jibu linaweza kuchukua siku. Mwenyekiti alisema hana haraka. Wajumbe waliketi. Hakuna hoja iliyotolewa kwa dakika kumi na moja.

Jibu liliingia kwa maandishi, na Katibu alilisoma:

"Usimkande akiwa amesimama. Mlaze ubavu, mguu mzima ukae juu. Anzia begani, shuka taratibu mpaka kwenye kiwiko. Akiuvuta, acha, usimlazimishe."

Kaka Mkubwa aliuliza, "Ameandika 'asimkande' au 'usimkande'?"

Katibu alijibu kwamba ameandika "usimkande".

Kaka Mkubwa aliomba aone mwenyewe. Alipewa simu. Aliisoma kwa muda mrefu kuliko urefu wa ujumbe wenyewe, kisha akamlaza Doa ubavu juu ya blanketi la bluu na kuanzia begani.

Mwenyekiti aliuliza kama ujumbe ulisema lolote kuhusu kurudi. Katibu aliangalia tena, akajibu kwamba haukusema. Mwenyekiti aliagiza iandikwe hivyo hivyo, ili atakayesoma ajue kwamba swali hilo liliulizwa.

Kikao kilifungwa saa saba kasoro dakika kumi.

……………………
Mama
MWENYEKITI

……………………
Binti wa pili
KATIBU

Nakala: Kitindamimba