Nafasi ya Pili ya Mafunzo ya Umeme

Jumatatu, 7 Septemba 2009
Mvua tena. Siku ya tano tunapima maji ya kijito pamoja na mhandisi wa mradi kutoka Kitale. Chemutai, mjukuu wa kike wa kaka yangu, ndiye anayesoma kipimo. Amemsahihisha mhandisi mara mbili. Maji yanatosha kuendesha mtambo mdogo wa umeme: taa shuleni na katika nyumba zetu sisi Waogiek huku mlimani. Chuo kimoja Bungoma kitafundisha vijana wawili kuutunza.

Jumatano, 9 Septemba
Baraza. Nieleze, ingawa najiandikia mwenyewe. Kwetu msitu umegawanywa kiukoo. Kila ukoo una kipande chake na mizinga yake ya nyuki. Hukwei mti wa wenzako. Basi wazee wakagawa nafasi vivyo hivyo. Koo mbili, kila mmoja na mwana wake wa kwanza wa kiume. Kwetu Ndiema. Kwa mzee Kiboi, mwanawe Kirwa. Chemutai hakutajwa. Orodha niliiandika mimi, karani wa baraza. Aibu.

Alhamisi, 24 Septemba
Kirwa amerudi. Maua yamechanua msituni, akaacha darasa awahi mizinga. Simlaumu. Lakini chuo kimesema nafasi isipojazwa kufikia Jumatatu, mradi utaleta fundi wa nje. Mgeni atuwashie, mgeni atuzimie.

Jumamosi, 26 Septemba
Nimepanda hadi kwa Kiboi. Magoti yameisha. Nikamweleza taratibu kwamba Chemutai anaweza. Akacheka.
“Mwalimu, unadhani mimi ni darasa la nne? Hiyo nafasi ni ya ukoo wetu. Ikae tupu.”
“Tupu haitawasha taa, mzee.”
“Si mko na Ndiema? Ati sasa mnataka zote mbili!”
Ana haki yake. Hilo ndilo linalonichosha.

Jumatatu, 28 Septemba
Nimempeleka Chemutai Bungoma bila ruhusa ya baraza. Mkufunzi akampa pampu iliyogoma. Akaifungua, akaisafisha, ikanguruma. Amepokelewa.
“Babu, nikirudi watanikubali?”
Nikamwambia sijui. Sijui kweli.

Jumapili, 4 Oktoba
Baada ya ibada Kiboi amenipita kama kisiki. Nimeondolewa ukarani. Daftari la baraza amepewa Kirwa. Nimemwona akiandika. Mwandiko safi, mistari imenyooka. Nilimfundisha mimi.